Je, Wajua Kwa Nini Wapo Wanaoona Hawajatibiwa Bila Sindano?

Mzee ametoka zahanati. Amepimwa, malaria imeonekana, kapewa vidonge vya dawa mseto. Akifika nyumbani analalamika kwamba hakutibiwa, maana hakuchomwa sindano. Mjukuu wake aliyesomea mjini angepewa vidonge vilevile na kuridhika, mradi tu ameonyeshwa majibu ya kipimo. Huduma ni moja, lakini kila mmoja huithamini kwa aliyoyapitia yeye na waliomlea.

Imani ya mzee si ujinga. Miaka ya 1920, serikali za kikoloni Kenya na Tanganyika zilianza kutibu buba kwa sindano za madini ya bismathi na za dawa zenye aseniki. Buba ni ugonjwa wa vidonda vya ngozi unaowashika zaidi watoto. Vidonda sugu vilikauka watu wakiona, nao wakamiminika kutaka kuchomwa. Kuanzia mwaka 1952, Shirika la Afya Duniani (WHO) na lile la watoto (UNICEF) wakaja na sindano za penisilini, na hadi 1964 watu wapatao milioni 50 walikuwa wametibiwa katika nchi 46. Mzazi aliyeona mwanawe akipona kwa sindano moja angeaminije kidonge?

Lakini tiba imesonga mbele. Hata buba yenyewe, mwaka 2012 ilithibitishwa huko Papua New Guinea kwamba dozi moja ya azithromaisini ya kumeza inaiponya sawasawa na sindano ya penisilini. Tena sindano isiyo ya lazima inaweza kudhuru: WHO ilikadiria kuwa mwaka 2000 sindano zisizo salama ziliambukiza homa ya ini B watu wapatao milioni 21.

Pesa nayo ina neno lake, na lugha ya mhudumu pia. Aliyeuza kuku ili apate ada ya daktari anataka aone alicholipia, na mama aliyewahi kufokewa akiwa na uchungu wa kujifungua hukumbuka zaidi kauli ya mkunga kuliko vifaa vya wodi.

Inaniuma mgonjwa kama yule mzee anapoitwa mbishi, ilhali maelezo mafupi yangemtosha: "Shikamoo mzee. Sindano ya malaria ipo, ila tunawachoma waliozidiwa, wasioweza kumeza. Wewe unameza vizuri, na dawa hii inaua vijidudu vyenyewe. Imeze asubuhi na jioni kwa siku tatu, pamoja na chakula kilichotiwa mafuta, hata kama ni kidogo. Ukiona homa haishuki, rudi haraka."