Jiwe la Laizer halikuchagua aliyechoka zaidi

Juni 2020, mchimbaji mdogo wa Mererani, mkoani Manyara, Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali ya Tanzania mawe mawili ya kito cha tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7 na ushei. Tangu hapo jina lake limegeuzwa somo: "Kaza buti, nawe utapata la kwako."

Somo hilo lina kasoro. Wanaapolo (wachimbaji wa mashimoni) wote wa Mererani wanakaza. Wanashuka mamia ya mita chini ya ardhi, kwenye joto na hewa nzito, wengi bila mshahara, wakingoja mgawo wa jiwe ambalo huenda lisitoke kabisa. Mshipa wa madini ulijipanga mamilioni ya miaka kabla yetu. Hautazami jasho la mtu. Tukimtazama aliyepata peke yake, bidii inaonekana ndiyo sababu, kwa kuwa waliotokwa na jasho lilelile wakarudi mikono mitupu hawaitwi mbele ya kamera.

Sisemi bidii ni bure. Asiyechimba hapati hata kipande. Kuendelea kugharamia mgodi, kuuza kwa njia halali badala ya magendo, hayo yalikuwa mikononi mwa Laizer. Vilevile uamuzi wa kujenga shule. Mahali jiwe lilipolala, hapana.

Kinachoniuma ni mwanaapolo aliyezeekea shimoni kuambiwa na nduguze kwamba hakujituma. Alijituma. Mwamba wa upande wake haukuwa na kitu.