Skrubu ya juu haiponyi steringi boksi iliyolika

Karibu kila pikapu ya zamani inayoletwa kwangu kwa tatizo la mchezo kwenye usukani (usukani unazunguka kidogo bila matairi kugeuka), nati inayofunga skrubu ya juu ya steringi boksi, yaani boksi ya gia inayopeleka mzunguko wa usukani kwenye matairi, inakuwa imeshachubuliwa na spana. Mwenye gari anasema aliambiwa akaze skrubu hiyo kidogo tu, mchezo utaisha. Nimechoka kuusikia ushauri huu, maana unaua boksi ambazo zilikuwa bado zinaokoleka.

Kwenye boksi za gololi, skrubu ile ina kazi moja: kusogeza shafti ya sekta (shafti yenye meno inayotoka nje ya boksi kwenda kukata matairi) ili meno yake yakae karibu na meno ya nati ya gololi, ile inayotembea juu ya gololi kwenye wormu. Haigusi beringi za wormu (shafti yenye mfereji wa kuzunguka, inayozungushwa na usukani), haigusi bushi, wala haigusi gololi zenyewe. Tena meno hayo yamechongwa yabane zaidi usukani ukiwa katikati, na yaachiane kidogo ukikata kona. Gari linatumia muda mwingi likienda moja kwa moja, kwa hiyo katikati ndipo panapolika kwanza. Ukikaza mpaka mchezo wa pale uishe, pembeni ambako meno bado ni mazima yatabanana. Utaona ukitoka kwenye kona: usukani haurudi wenyewe, unabaki pale pale ulipouacha. Pikapu ya namna hiyo ni ya hatari kuliko ile yenye mchezo, na naomba mtu asiiingize barabarani.

Marekebisho yana mpangilio, na haupindwi. Tenganisha kwanza mkono wa pitmani, ule uliofungwa kwenye shafti ya sekta nje ya boksi, na fito yake inayosukuma matairi, halafu legeza ile skrubu ya juu. Anza na beringi za wormu, kwa nati yake au kwa shimu (vipande vyembamba vya bati) kulingana na boksi, mpaka wormu isicheze mbele na nyuma lakini izunguke laini. Ndipo utafute katikati: zungusha polepole kutoka mwisho hadi mwisho ukihesabu, ikiwa ni mizunguko 4, rudi 2. Usigongeshe kwenye mwisho wakati fito imetenganishwa, maana vibomba vya kupitishia gololi hupondeka. Ukiwa katikati, kaza skrubu mpaka uhisi uzito mdogo usukani unapopita pale. Kiasi cha uzito huo kiko kwenye kitabu cha gari husika, na hupimwa kwa spana ya kipimo, si kwa mkono.

Ikiwa baada ya hapo pembeni panabana, fungua boksi. Pitisha ukucha taratibu kwenye mfereji wa wormu. Ukinasa kwenye vishimo, wormu imekwisha na hakuna skrubu itakayoirudisha. Gololi nzima inang'aa mwili mzima, iliyochoka ina madoa ya kijivu. Badilisha zote kwa pamoja, za saizi ile ile. Kuchanganya mpya na za zamani ni kuzitwisha zile mpya mzigo wote.

Wengine wanaamini mchezo wote unatoka kwenye boksi. Kabla hujaifungua, acha matairi chini, mwambie mtu atikise usukani, nawe uwe chini ya gari ukiangalia: tairodi endi (viungo vya ncha za fito za usukani), kingpini (pini ambayo tairi hugeukia), kiungo cha shafti ya usukani, na hasa bolti zinazoshikilia boksi kwenye chasisi. Nimeona chasisi zenye ufa mahali hapo, na boksi ikisingiziwa.

Boksi ikivuja, watu wanaijaza grisi nzito. Grisi ya beringi za magurudumu husukumwa pembeni na meno na hairudi, halafu vyuma vinasagana vikavu. Weka kilichoandikwa kwenye kitabu. Na ukibadilisha oili sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje) bila kuangalia bushi ya shafti ya sekta, itavuja tena, kwa sababu shafti inayumba na kuichana sili. Bushi ikikosekana dukani, fundi wa mashine anaweza kuchonga ya shaba, mradi shafti yenyewe haijalika ikafanya ngazi.

Mwisho, mkono wa pitmani hautolewi kwa nyundo. Kila pigo linapita kwenye shafti na kuishia kwenye meno na bushi. Tumia pula (kifaa cha kuvutia), na kabla ya kuuvuta piga alama kwenye shafti na kwenye mkono ili urudi pale pale ulipokuwa.