Eti siku hizi kila mtu ni vegani?

Vegani hali nyama, samaki, mayai wala maziwa; hata asali haigusi. Ukishinda kwenye simu unaweza kudhani dunia nzima imeshahamia huko.

"Wengi wameshakuwa vegani."

Bado sana. Marekani, ambako kelele ni nyingi, Gallup, kampuni ya kura za maoni, waliuliza watu mwaka 2012: asilimia 2 walijiita vegani. Mwaka 2018 wakawa 3, mwaka 2023 wakawa 1. Katika kura za maoni pointi moja si kitu, kwa hiyo sisemi wamepungua, nasema hawajaongezeka. Zilizoongezeka ni bidhaa, na huko nako moto ulipoa. Hisa ya Beyond Meat, watengenezaji wa "nyama" ya njegere, ilianza kuuzwa Mei 2019 kwa dola 25, Julai ikapita 200. Mwisho wa 2024 ilikuwa chini ya dola 5.

"Basi ni mambo ya Wazungu."

Neno, sawa: lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na kina Donald Watson. Chakula chenyewe ni cha zamani. Waorthodoksi wa Ethiopia wanaoshika saumu zote hukaa zaidi ya nusu ya mwaka bila nyama, maziwa wala mayai. Na mbaazi za nazi za asubuhi pale Mombasa, nani amewahi kuziita za kivegani? Ila jaribu kumwambia mama ntilie huli nyama. Atakuletea wali maharage, juu kamwaga upawa wa mchuzi wa ng'ombe: "Nyama nimetoa mwanangu, nimekuwekea mchuzi tu."

"Wengi hawakosei."

Hapa watu hupenda kumtaja Francis Galton, mwanasayansi Mwingereza. Mwaka 1906, kwenye maonyesho ya mifugo huko Plymouth, Uingereza, watu walibahatisha ng'ombe mmoja angekuwa na uzito wa pauni ngapi baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Galton akazichambua kadi 787. Ukizipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, kadi ya katikati ilisema 1,207. Mizani ikasema 1,198. Ajabu kweli (na ng'ombe ndiye aliyelipia somo). Lakini kila mtu alijaza kadi yake bila kuchungulia ya jirani, na mizani ilikuwepo ya kumaliza ubishi. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch alimkalisha mtu kati ya wenzake waliopangwa kudanganya kuhusu urefu wa mistari iliyochorwa mbele ya macho yao. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa walifuata uongo angalau mara moja. Mtandaoni, ambako unaona idadi ya waliopenda kabla hujasoma hoja, tumo chumbani kwa Asch. Na swali la kama ni haki kumla mnyama halina mizani.

"Wachache ndio walioamka."

Nao wana uvumi wao, mkubwa ukiwa kwamba mboga za majani zinatosha kwa kila kitu. Vitamini B12 hutengenezwa na bakteria, na vegani huipata kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Mchicha, hata ule kapu zima, hauna.