Kinachowatikisa si falsafa

Wazazi wanaoniuliza habari za chuo chetu kabla ya kumleta kijana huogopa kitu kimoja: falsafa. Wamesikia kwamba mtoto wa mchungaji fulani alikwenda kuisoma, akarudi haendi tena ibadani. Mimi nafundisha dini na falsafa, pamoja na vipindi kadhaa vya sosholojia, katika chuo kidogo cha Kikristo kaskazini mwa Tanzania, na jibu langu huwa linawashangaza. Falsafa haina shida. Wanafunzi wetu wengi wametokea HKL na HGL, yaani michepuo ya historia na lugha ya kidato cha tano na sita, wachache walisoma Divinity, somo la dini ya Kikristo. Wakikutana na Anselm wa Canterbury na hoja yake kwamba Mungu ni yule ambaye hakuna aliye mkuu kuliko yeye awezaye kufikirika, wanafurahi. Wakifika kwa Gaunilo, mtawa aliyemjibu kwamba kwa hoja ya namna hiyo hata kisiwa kikamilifu kingelazimika kuwapo, wanafurahi zaidi. Wanagawanyika pande mbili, wanabishana mpaka kantini, na jioni wote wako kwenye mazoezi ya kwaya. Hoja za karne ya 11 hazimnyimi mtu usingizi.

Sosholojia ndiyo inayowanyima usingizi, kwa sababu inawauliza kuhusu usharika wao wenyewe.

Nieleze kwanza kwa nini masomo haya matatu yanakaa pamoja. Vyuo vingi vya Kikristo vya eneo letu vilianza kama shule za kuandaa wachungaji na wainjilisti. Pale Makumira, karibu na Arusha, chuo cha theolojia cha Walutheri kilianza 1954. Chuo cha Limuru kule Kenya kilizaliwa Frere Town, Mombasa, mwaka 1903, kikahamia bara mwaka 1930. Mukono, Uganda, ni 1913. Baadaye vyote vikawa vyuo vikuu, vikaongeza ualimu, biashara na sheria, na karo za kozi hizo ndizo zinazolipia umeme. Idara ya dini ikabaki ndogo, na katika chuo kidogo idara ndogo haiwezi kusimama peke yake. Mwalimu yuleyule anaingia darasani Jumatatu na Aristotle, Jumatano na nabii Amosi, Ijumaa na mwanasosholojia Durkheim. Ni uhaba, sikatai. Ila umetuletea jambo ambalo vyuo vikubwa hulihangaikia kwa semina na kamati: mwanafunzi hawezi kumwambia mwalimu wa dini kitu kimoja na mwalimu wa sosholojia kingine, maana ni mtu mmoja.

Zoezi la kwanza la utafiti tunalowapa ni mnada wa sadaka. Aliyekulia kwenye sharika za Kilutheri za Kilimanjaro au Arusha anaujua. Ibada ikiisha watu hawatawanyiki. Wanasimama uwanjani, na zile sadaka zisizo fedha zinatolewa nje: mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, trei ya mayai, maziwa, parachichi kwenye kikapu. Mzee wa kanisa mwenye mdomo mwepesi anashika kipaza sauti, na bei zinapanda kwa vicheko. Jogoo ambaye sokoni angeuzwa elfu ishirini anaweza kuondoka kwa elfu sitini. Tena mara nyingine haondoki: aliyemnunua analipa, anasema "namrudisha", na jogoo ananadiwa upya.

Masharti ya zoezi ni mepesi. Usinunue, usihukumu, andika. Nani kaleta? Nani kanunua? Amesimama wapi? Jina la nani limetajwa? Nani kaondoka mapema kabla mnada haujaanza, na kaondokea upande gani? Swali hili la mwisho ndilo wanalolisahau, nami nalipigania sana, kwa sababu wasiokuwepo hawaonekani kirahisi daftarini.

Daftari zikirudi, darasa linakuwa na kazi ya wiki nzima. Tunaanza na Marcel Mauss, Mfaransa aliyechapisha mwaka 1925 uchunguzi wake kuhusu zawadi. Anadai kwamba katika jamii nyingi zawadi hubeba wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Ukiutazama mnada kwa jicho hilo, bei ya jogoo inaacha kuwa upuuzi. Hakuna anayenunua nyama pale. Yule aliyekuja kutoka Dar kwa Krismasi, akalipa mara tatu ya bei, ananunua nafasi yake katika kijiji ambacho hakuwepo tangu Januari, na kijiji kinampokea kwa makofi.

Hapo ndipo anayetoka nyumba ya mchungaji anakunja uso. Ina maana sadaka ni biashara ya heshima? Basi tunafungua Mathayo 6, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, na darasa linapumua: mnada umehukumiwa. Lakini twende 2 Wakorintho 8 na 9. Paulo anawatajia Wakorintho ukarimu wa Wamakedonia ili waone haya, na huko Makedonia tayari ameshajisifia bidii ya Wakorintho. Angepewa kipaza sauti chetu, nadhani angejua la kufanya nacho.

Falsafa inaingia hapa, na sasa ina kazi ya kufanya. Immanuel Kant, katika kitabu cha 1785, anatoa mfano wa mwenye duka asiyewapunja wateja kwa kuwa uaminifu unamlipa. Anachofanya kinaafikiana na wajibu, ila hakikutokana na wajibu, kwa hiyo hakina thamani ya kimaadili. Kwa Kant, mnunuzi wetu wa jogoo ana kesi. Aristotle angesimama naye. Katika maadili yake upo wema maalumu wa mtu mwenye mali anayejua kutumia fedha nyingi kwa ajili ya umma, kwa kiasi kinachofaa na mbele ya macho ya watu, na kuonekana si dosari kwake. Mwanafunzi aliyekuwa akikariri majina hayo kwa ajili ya mtihani sasa lazima achague, kwa sababu anayezungumziwa ni mjomba wake.

Ripoti moja ninayoirudia kila mara niliandikiwa na binti wa mwaka wa pili. Aligundua kwamba majina yote yaliyotajwa kwenye kipaza sauti yalikuwa ya wanunuzi. Waliotajwa walikuwa karibu wote wanaume. Walioleta mazao, wengi wao akina mama, hawakutajwa: jogoo aliingia kama "jogoo" na akatoka kama "jogoo wa mzee fulani". Kisha akaenda Marko 12, kwa mjane na senti zake mbili, akaonyesha jambo ambalo mimi nilikuwa nalipita tu. Kabla ya kusema neno lolote, Yesu anaketi kulielekea sanduku la hazina na kutazama watu wanavyotoa. Kuketi, kutazama, ndipo kusema. Sijapata utangulizi bora wa mbinu za utafiti.

Msomaji anaweza kuuliza kama kuuchunguza usharika kwa namna hii si kuiga wazungu. Kwetu, mtu aliyefanya hivyo mapema alikuwa mzungu kweli, na tena mmisionari. Bruno Gutmann wa misheni ya Leipzig alifika Kilimanjaro 1902, akakaa zaidi Old Moshi, akaondoka 1938. Alikusanya sheria na desturi za Wachaga kwa kina ambacho watafiti wanakitumia mpaka leo, na akajaribu kuujenga usharika juu ya vifungo vitatu alivyovikuta: ukoo, ujirani na rika. Wanafunzi humpenda sana kwa kipindi kimoja. Kipindi kinachofuata nawaonyesha kwamba wakati yeye akitaka kuvilinda vifungo hivyo visiharibiwe na ustaarabu wa mijini, Wachaga wenyewe walikuwa wakipanda kahawa, wakaanzisha chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na ushirika wa KNCU ukafuata 1933. Alikuwa mtazamaji hodari aliyewapenda watu aliowatazama, na bado alitamani wabaki jinsi alivyowakuta. Maonyo yangu yote kuhusu utafiti yanatoka kwenye kisa hicho.

Udogo wa chuo una gharama zake. Maktaba yetu ina rafu nzima za Luther na vitabu vichache vya kuhurumia kuhusu Uislamu, katika nchi ambayo mwanafunzi wetu atafanya kazi na Waislamu kila siku. Darasa la watu kumi na wawili lina maana kwamba mtazamo wa mwalimu mmoja, ukiwa na upogo, unawafikia wote. Ajira nayo isipambwe. Waajiri wengi hawatangazi nafasi za "mhitimu wa dini na falsafa". Wahitimu wetu wamo shuleni, kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali, kwenye ofisi za dayosisi, na wengine wamekwenda kuongeza shahada ya ualimu au ustawi wa jamii.

Kwa hiyo unayefikiria kuomba nafasi kwenye chuo cha namna hii, hakikisha kwanza kwamba programu yenyewe ina ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), wala si chuo peke yake. Uliza kama kuna tamko la imani unalotakiwa kulitia saini, na nini hutokea kwa anayekataa. Omba uonyeshwe ripoti za utafiti za wahitimu wa mwaka uliopita, kisha ufungue ukurasa wowote. Ukikuta zote zinahitimisha kwamba kanisa linafanya vizuri ila liongeze semina, tafuta chuo kingine.