Umeboresha programu huria: je, unadaiwa na nani?

AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kule Mbozi ikiagiza mfumo wa hesabu, kampuni ya Mbeya mjini itakayopewa kazi haitaanza na faili tupu. Itachukua programu huria iliyopo, yaani ile ambayo maandishi yake (msimbo) yako wazi kwa yeyote kuyatumia na kuyabadilisha, iongeze sehemu ya mizani, risiti za Kiswahili, malipo ya awali na yale ya pili baada ya mnada. Hakuna ubaya hapo, na kuuza kazi hiyo ni halali. Wahitimu wetu huuliza: je, marekebisho hayo ni lazima kuyatoa?

Soma leseni kwanza. Leseni za MIT na BSD zinakuruhusu kubadilisha na kubaki na msimbo wako, mradi usifute tangazo la hakimiliki. GPL, ambayo toleo lake la pili ni la mwaka 1991, ni kali zaidi: unayemkabidhi programu uliyoibadilisha ana haki ya kupata na msimbo chanzo wake. Ukiitumia ofisini kwako tu, hudaiwi kitu.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya. GPL haikulazimishi kumtangazia kila mtu kazi yako. Mwenye kudai ni AMCOS iliyopokea mfumo, na ikiamua kesho kumpa fundi wa Iringa aendeleze, huna la kumzuia. Kwa mfumo unaokaa kwenye seva na kutumiwa kwa intaneti, angalia kama ni AGPL, leseni ndugu ya GPL. Hiyo inawapa haki ya msimbo chanzo hata watumiaji wa mbali.

Mimi ningetoa hata pasipo kulazimishwa, kwa sababu ya uvivu tu. Toleo jipya la programu mama likitoka, marekebisho uliyoyaficha inabidi uyapachike upya kwa mkono. Misimu miwili mitatu ikipita, hakuna anayethubutu kusasisha, na matundu ya usalama yaliyokwisha kuzibwa kwingine yanabaki wazi kwa mteja wako. Hitilafu ya kukokotoa nusu kilo ikirekebishwa kwenye programu mama, wanaitunza wengine pamoja na wewe.

Namna ya kutoa nayo ina uzito. Apple ilijenga kivinjari chake cha Safari, kilichotoka 2003, juu ya KHTML, programu ya kuonyesha kurasa za wavuti ya mradi huria wa KDE. Msimbo ilitoa, lakini kwa marundo makubwa yasiyo na maelezo ya kutosha, na watu wa KDE wakalalamika kwamba hayatumiki. Toa vipande vidogo, kila kimoja na sababu yake. Kabla ya kutoa, pekua faili zote: nywila ya hifadhidata iliyoandikwa ndani ya msimbo, au majina ya wakulima yaliyoachwa kwenye data ya majaribio, havipaswi kutoka nje.

Viongozi wa AMCOS na SACCOS nao, kabla ya kusaini, waulize mambo mawili na yaandikwe kwenye mkataba: mfumo uko chini ya leseni gani, na msimbo chanzo tutakabidhiwa lini.