Tangi la Maji Linaloupisha Upepo

Ni usiku wa manane, majira ya baridi. Upepo unavuma vilivyo na watu wamelala, lakini waendesha gridi wanaagiza baadhi ya mitambo ya upepo isimamishwe. Umeme umezidi, na kituo kinachozalisha joto na umeme kwa pamoja hakizimiki: kikizima, nyumba zinapoa.

Kituo cha namna hii si adui. Mvuke ukishazungusha turbini hauachwi upotee, bali hupasha maji yanayopelekwa majumbani kwa mabomba. Ndiyo maana hunufaika na asilimia 80 hadi 90 ya nishati ya kuni, gesi au makaa kinayochoma. Ubaya wake ni kwamba ukidai joto, umeme unakuja nalo, uwe unautaka au huutaki. Nchini China mwaka 2016, takriban asilimia 17 ya umeme wa upepo ilipotea bila kutumika, na kaskazini mwa nchi hiyo vituo hivi vilichangia sana.

Dawa ninayoipenda ni tangi. Mchana kituo huzalisha kwa wingi na kulijaza maji ya moto. Usiku wa upepo hupunguzwa au huzimwa, tangi likashika zamu. Meta moja ya ujazo ya maji ikipoa kutoka nyuzi 90 hadi 40 hutoa takriban kilowati-saa 58. Tangi la meta za ujazo 10,000 litauhudumia mji unaohitaji megawati 50 za joto kwa saa kumi na moja na nusu hivi.

Ndani yake, maji ya moto hukaa juu na ya baridi chini, kati yao tabaka jembamba. Maji huingizwa taratibu mno. Ukilivuruga tabaka hilo, unabaki na tangi zima la uvuguvugu lisilofaa kitu.

Upepo ukizidi zaidi, boila ya umeme huwashwa kulijaza tangi hilohilo. Kuchemsha maji kwa umeme ni ufujaji? Ndiyo, isipokuwa pale umeme wenyewe ungetupwa. Pampu ya joto, mashine inayovuta joto kutoka hewani, ardhini au majini, hutoa joto mara tatu hivi ya umeme inaokula, ila ni ghali, haifai kununuliwa kwa kazi ya saa chache.

Denmark, ambako upepo hutoa zaidi ya nusu ya umeme, matangi haya ni ya kawaida. Mengi hayakujengwa kwa ajili ya upepo: vituo vidogo vililipwa bei kubwa zaidi saa za mahitaji makubwa, basi vikatafuta pa kuweka joto. Pale bei ni ileile usiku na mchana, mwendeshaji hana sababu ya kugusa vali.