Nyambizi ya 1942 haikuishi chini ya maji: dhana potofu na ukweli

Kila ninapofika kwenye somo la nyambizi, kabla sijachora hata mstari mmoja ubaoni, yupo atakayeniambia kwamba nyambizi za Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia zilikaa chini ya Atlantiki wiki nzima nzima, zikipanda juu mara moja moja kuvuta hewa. Nimeisikia kwa wanafunzi, kwa mabaharia wa meli za mizigo, na kwa wahandisi ambao wangeweza kuikanusha wenyewe kwa hesabu ya dakika tano. Nimechoka kuijibu kwa mdomo, basi naijibu kwa maandishi.

Karibu nyambizi zote zilizopigana kabla ya 1945 zilikuwa meli za juu ya maji zenye uwezo wa kupiga mbizi kwa saa kadhaa. Chukua Aina ya VIIC, ambayo Ujerumani ilijenga zaidi ya 500. Juu ya maji, kwa injini zake mbili za dizeli, ilifika noti 17.7 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), na kwa mwendo wa noti 10 iliweza kwenda maili za baharini 8,500. Chini ya maji iliendeshwa na mota za umeme: noti 7.6 kwa nguvu zote, na maili 80 ikienda noti 4. Themanini! Gawanya mwenyewe: saa 20, halafu betri imekwisha. Kuichaji kunahitaji dizeli, dizeli inataka hewa, na hewa iko juu.

Hapo mbishi huniuliza kwa nini nahodha asingeongeza mwendo akakimbia. Nguvu ya kusukuma chombo majini hupanda takriban kwa mchemraba wa kasi. Ukitaka kasi mara mbili, unadaiwa nguvu mara nane. Betri ya risasi na asidi nayo, ukiikamua kwa pupa, inatoa umeme mdogo kwa jumla kuliko ukiitumia taratibu. Kwa hiyo ile noti 7.6 ilikuwa kasi ya muda mfupi sana, na baada yake nahodha alibaki chini akiwa hana akiba, huku adui angali anazunguka juu yake.

Anayebisha bado aangalie umbo. U-995, moja ya nyambizi hizo, ipo hadi leo ufukweni Laboe, karibu na Kiel, Ujerumani, na kila mtu anaweza kuiona: omo, yaani sehemu ya mbele, uliochongoka wa kukata mawimbi, sitaha ndefu iliyonyooka. Nyingi za aina yake zilibeba pia mzinga wa milimita 88 juu ya sitaha hiyo. Hakuna mbunifu atakayekipa umbo hilo chombo cha kuishi chini.

Mbinu za vita zilifuata ukweli huohuo. Oktoba 1940 msafara wa meli za mizigo uliojulikana kama SC 7 ulipoteza meli 20 kati ya 35, na mashambulizi makubwa yalifanyika usiku, nyambizi zikiwa juu ya maji. Otto Kretschmer, nahodha wa nyambizi U-99, aliingia katikati ya safu za meli akiwa juu vilevile. Asdiki ya Waingereza, chombo cha kutafuta kwa mwangwi wa sauti, ilitafuta adui chini ya maji, hivyo nyambizi iliyokuwa juu ilipita bila kugunduliwa.

Ndege zenye rada ndizo zilizouvunja mchezo huo. Msafara wa taratibu ulikwenda noti 7 hivi, na nyambizi iliyozamia inatambaa kwa noti 3 au 4. Rubani hakuhitaji hata kuipiga. Ilitosha kuilazimisha ibaki chini mpaka msafara upite. Mei 1943 Ujerumani ilipoteza nyambizi 41, na Karl Dönitz, mkuu wa jeshi la majini la Ujerumani, akaziondoa Atlantiki ya Kaskazini.

Sisi wa pwani hii tuna mfano wetu, wa kuumiza. Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido, yaani kombora linalosafiri majini, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. I-27 iliweza noti 23 juu ya maji, lakini 8 tu chini, na juu yake zilikuwapo manowari za Uingereza, Petard na Paladin, zenye kasi ya zaidi ya noti 30. Haikuwa na pa kukimbilia. Mabomu ya chini ya maji yaliilazimisha kuibuka, na mwishowe topido ya Petard ikaivunja.

Wengine hunitajia snokeli, kana kwamba ilimaliza tatizo. Lile bomba la hewa liliiwezesha dizeli kufanya kazi nyambizi ikiwa imejificha chini kidogo ya uso wa bahari, lakini kwa mwendo wa noti 6 hivi, na wimbi likiziba mdomo wake, injini zilivuta hewa ya ndani na masikio ya watu yakauma. Mabadiliko ya kweli yalikuja na Aina ya XXI: seli za betri 372 badala ya 124, sitaha isiyo na mzinga, na kasi ya noti 17.2 chini ya maji dhidi ya 15.6 juu. Ziliandikishwa jeshini 118, na mbili tu ndizo zilizowahi kwenda doria ya vita. Vita vikaisha.

Ushauri ninaourudia kila mwaka: ukipewa jedwali la sifa za nyambizi, iache kwanza idadi ya topido. Tafuta umbali wake chini ya maji, pamoja na kasi iliyoandikwa kando ya umbali huo. Umbali usio na kasi haukuambii kitu.

Dhana nyingine potofu nitazijibu kwa ufupi.

"Inazamia kwa pampu za kuingiza maji." Hapana. Matangi makuu ya balasti, yanayojazwa maji ili nyambizi izame, yako wazi chini. Unafungua vali za juu, hewa inatoka, bahari inaingia yenyewe. VIIC ilipotea machoni ndani ya nusu dakika hivi. Kazi ngumu ni kusawazisha uzito ukishazamia: topido moja iliyofyatuliwa ni tani moja na nusu iliyoondoka, na uzito huo lazima ufidiwe kwa maji mara moja, la sivyo omo unainuka.

"Wanaonaswa chini hufa kwa kukosa oksijeni." Mara nyingi kabonidayoksaidi inawatangulia. Nyambizi Thetis ya Uingereza ilipozama kwenye majaribio Juni 1939, tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, ikiwa imechomoza juu ya maji, walikufa watu 99, wengi wao kwa gesi hiyo. Ndiyo maana nyambizi za vita zilibeba kemikali za kuinyonya. Anayekufundisha usalama wa nyambizi akaanza na mitungi ya oksijeni, mwulize gesi chafu inakwenda wapi.

"Nyambizi zilikuwa zikipigana zenyewe kwa zenyewe kule chini." Tukio linalojulikana la nyambizi kuizamisha nyingine, zote mbili zikiwa zimezamia, ni moja: tarehe 9 Februari 1945, pwani ya Norway, Venturer ya Uingereza dhidi ya U-864. Topido za wakati huo zilibuniwa kupiga shabaha iliyo juu ya maji, kwa hiyo nahodha James Launders alilazimika kukisia hata kina cha adui. Alimfuata kwa kusikiliza kelele zake kwa saa kadhaa, akafyatua topido nne zilizotofautiana kina, na moja ikapata.